Pesa za Masisi zinaamuliwa mbali, na mtoto wa Kingi anaambiwa asisomee fedha

Kuna maneno ambayo mtoto wa Kingi anayasikia mara tu anapopata diploma ya serikali. Akisema anataka kwenda Goma kusomea fedha za makampuni kwenye chuo kikuu, wazee wanamcheka. Fedha gani? Kampuni gani? Mjomba anamshauri ajifunze kushona. Mradi unapita kijijini, unampa cherehani na cheti cha miezi michache. Eti masomo ya fedha ni ya watu wa Kinshasa, wale wa benki na magari yenye vioo vyeusi. Mtoto wa wahami wa vita anahitaji kazi ya mikono, basi.

Kushona si aibu, na fundi mzuri anakula. Lakini anayesema kwamba uamuzi wa fedha hauwahusu watu wa Masisi na Walikale anadanganya, hata kama hajui kwamba anadanganya.

Tazama Bisie, kule Walikale. Zamani wachimbaji walikuwa wanabeba kasiterite mgongoni, siku nzima porini, na ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kule Kilambo kuichukua. Leo ni mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Kampuni yenyewe imeandikishwa Morisi, na hisa zake zinauzwa Toronto na Johannesburg. Katika mgodi wa Bisie, Alphamin ina asilimia 84.14, shirika la serikali ya Afrika Kusini lina 10.86, na Kongo, mwenye udongo, ina 5. Mwaka 2025 zaidi ya nusu ya hisa za Alphamin zilinunuliwa na kampuni ya Abu Dhabi.

Tarehe 13 Machi 2025, M23 ikisogea kuelekea Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Tarehe 9 Aprili, wapiganaji walipokwisha kurudi nyuma, ikatangaza kuanza tena kidogo kidogo. Kati ya tarehe hizo mbili kuna somo zima la fedha. Mgodi uliosimama hauingizi kitu, lakini ulinzi unalipwa na deni linasubiri. Ni siku ngapi kampuni inaweza kuvumilia? Ni hatari ya kiasi gani inatosha kufunga, na ni dalili gani inatosha kufungua? Watu walikaa mezani, wakapiga hesabu, wakaamua. Mama anayeuza chakula kwa wafanyakazi wa mgodi aliujua uamuzi huo siku soko lake lilipokufa. Kwenye meza ile alikaa mtoto gani wa Walikale mwenye kujua kuisoma hesabu hiyo?

Halafu Rubaya, hapa hapa Masisi. Udongo ule unatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. M23 iliuchukua mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na Desemba ya mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi za koltani ya Rubaya zinawaingizia wapiganaji dola 800,000 hivi kila mwezi. Zidisha mara kumi na mbili: ni zaidi ya milioni 9 kwa mwaka. Hesabu hiyo iliandikwa na wageni. Raia wa Masisi, ambao mashimo yanawafukia, waliisikia redioni.

Sasa lawama ya pili, na hii ni ya walimu. Kwa sababu wazee hawakosei kabisa. Wanaona kijana anarudi likizo na silabusi aliyoinunua, amejaza kichwa maneno, na hawezi kumsaidia baba yake kuamua kama auze ng'ombe mwezi huu au angojee. Silabusi nyingi za fedha zimeandikwa kama vile Kitshanga iko Ubelgiji. Zinaeleza hisa zinavyopanda na kushuka, na Kongo haina hata soko la hisa. Zinamfundisha kijana hoja ya Modigliani na Miller ya mwaka 1958, inayoanza kwa kuwaza dunia isiyo na kodi wala hasara ya kufilisika. Hoja ni nzuri, na ina kazi yake. Lakini mfundishe kijana huyo pia kwamba kati ya shamba na soko kuna bariere, na kwamba kuna kodi inayoitwa «lala salama», anayolipa mkulima ili alale bila kuvamiwa. Kodi hiyo inaingia mstari gani wa hesabu? Ni gharama? Ni bima? Ni wizi? Mwalimu asiyeuliza hivyo amefundisha nusu ya somo.

Chukua mfano mmoja tu, msikilizaji aone kama somo hili ni la Kinshasa. Mtu ana dola 2,000, anataka kununua mashine ya kusaga unga. Anatazamia kubaki na dola 900 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mtaani watu wanajumlisha: 2,700, faida 700, nunua! Chuo kikuu kinasema ngoja, dola ya mwaka ujao si sawa na dola iliyo mkononi leo. Ukipunguza thamani kwa asilimia 10 kwa mwaka, kama vitabu vinavyopenda, zile 900 tatu zinakuwa 2,238 za leo. Inabaki faida ya 238, hesabu ambayo wanafunzi wa Goma wanaiita VAN. Bado nunua. Lakini asilimia 10 ni ya nchi yenye usingizi. Weka asilimia 30, kwa sababu barabara inaweza kufungwa na mafuta yanaweza kukosekana: zile 900 tatu zinashuka hadi 1,634, hasara ya 366. Au acha asilimia 10 ile ile, lakini vita inafika baada ya mwaka wa pili na mashine inaporwa: unabaki na 1,562. Mashine ni ile ile, unga ni ule ule. Kilichobadilika ni tarakimu moja, na vita yote ya Masisi imo ndani yake.

Mtu wa Kingi aliyetoka mbio mwaka 2023, akakaa chini ya shiting pembeni ya Goma, akarudi na mguu baada ya kambi kuvunjwa Februari 2025, anaijua tarakimu hiyo mwilini. Hajaiona tu kwenye karatasi. Mama wa likirimba anaijua pia. Katika kundi la watu kumi, anayepokea wa kwanza amepata mkopo bila riba na anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake, na vita ikitawanya kundi katikati, ni huyo wa mwisho anayelia. Benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, watu wenye akiba kwenye karatasi walishinda na njaa, wakavuka kwenda Gisenyi kutafuta pesa yao. Vitabu vinaita jambo hilo ukosefu wa pesa taslimu, sura moja fupi. Goma ni kitabu kizima, na kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi zingepaswa kujaa habari hizo kuliko habari za makampuni ya Ufaransa.

Wengine watasema: mbona wenye diploma za fedha wanaendesha pikipiki? Ni kweli, wapo, na inauma. Lakini muulize huyo mwendeshaji anampelekea mwenye pikipiki kiasi gani kila siku, na kwa miezi mingapi kabla chombo hakijawa chake. Wengi wanasaini bila kujua wameinunua pikipiki mara mbili. Ujinga huo una bei, na mwenye pikipiki anaijua.

Na vyama vya wachimbaji? Mwaka 2013, chama cha COOPERAMMA na kampuni ya SMB walipatana Rubaya: chama kichimbe, kampuni inunue. Ugomvi juu ya bei na malipo ulidumu miaka. Chama cha maelfu ya watu kinahitaji mtu wake wa fedha, aliyezaliwa pale, anayeweza kuusoma mkataba kabla ya dole gumba kuwekwa kwenye wino.

Kwa hiyo wazee wa Kingi wasimvunje moyo mtoto. Wauze ng'ombe kama wameamua kuuza, lakini wadai thamani yake. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kumwambia mwanawe asimame darasani, siku VAN itakapoandikwa ubaoni, amuulize mwalimu: hiyo asilimia 10 umeitoa wapi, na kwa barabara ya Sake na Kitshanga ni ngapi?