Kasiksi ya chupa: tungoje siku ngapi kabla ya kufunga?

Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha Bukavu. Walijifunza kutengeneza kasiksi kwa wenzao wa Uvira: maji ya ndizi, unga wa mtama uliokaangwa, siku tatu katika bidoni, kisha katika chupa. Walifuata kila kitu walivyoonyeshwa. Usiku wa pili chupa tano zikapasuka, moja baada ya nyingine, katika chumba walimolala watoto. Mungu alisaidia, hakuna aliyekatwa na kioo. Lakini ndizi zilinunuliwa kwa pesa ya likelemba, na pesa hiyo ilimwagika chini. Wanauliza: je, siku tatu ni chache? Tungoje nne, ao tano?

Dada zetu, siku haziwezi kuwajibu. Chachu inakula sukari ya ndizi na kutoa vitu viwili, alkoli na gesi. Mahali pa joto inakula haraka, mahali pa baridi inakula polepole. Uvira iko chini kwenye ziwa Tanganyika, Bukavu iko juu karibu mita 1500, na usiku wake kila mtu anaujua. Kazi inayoisha kule kwa siku tatu, kwenu inaweza kuwa bado nusu. Ongeza na hili: ndizi zilizoiva sana zina sukari nyingi kuliko zile zilizotolewa mapema, na kila mama anatia maji kwa mkono wake. Basi hata katika nyumba moja, bidoni ya juma hili haiendi sawa na ya juma lililopita.

Kitu kinachojua kama sukari imeisha ni densimetre. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na namba kwenye shingo, kinaelea ndani ya maji. Katika maji safi kinaonyesha 1000, maana lita moja ya maji ina uzito wa karibu gramu 1000. Maji yenye sukari ni mazito, yanakisukuma juu, na namba inapanda. Tuseme maji yenu ya ndizi, mkiisha kuyachanganya, yanaonyesha 1060. Kesho yake mnasoma 1040, kesho kutwa 1022. Namba inashuka kwa sababu sukari inaliwa.

Kasiksi ya kawaida inanyweka wakati huo huo, ingali inachemka, na hakuna ubaya. Inakaa katika bidoni, kifuniko hakikazwi, inauzwa na kuisha. Hatari inaanza siku mnapotaka chupa nzuri yenye kizibo kwa ajili ya arusi ao duka.

Kila namba moja inayoshuka inatoa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya kinywaji. Mkifunga kwenye 1020, na kinywaji kilikuwa kinaelekea 1008, zimebaki namba 12: hizo ni lita sita za gesi ndani ya chupa ya lita moja. Bia ya kiwanda inabeba karibu lita mbili na nusu tu. Hapo hakuna cha kushangaa kama kioo kinapasuka.

Kwa hiyo: pimeni leo, pimeni tena kesho saa ile ile, na kesho kutwa pia. Namba ikikaa pale pale mara tatu, fungeni. Msitafute namba fulani iliyo ya lazima. Bidoni moja itasimama kwenye 1012, ingine kwenye 1004. Divai ya nanasi mara nyingi inashuka hata chini ya 1000, kwani alkoli ni nyepesi kuliko maji. Na msiamini povu. Povu linaweza kukoma wakati sukari ingali, na linaweza kurudi kwa sababu tu jua limepasha bidoni.

Kuna mtego mmoja, hasa kwenu wa milimani. Usiku wa baridi chachu inalala. Namba inakaa 1030 siku mbili, tatu, mnafikiri imeisha. Onjeni: kama bado ni tamu sana, haijaisha. Pelekeni bidoni karibu na jiko (si juu ya moto!), mkoroge kidogo, mngoje, mpime upya.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa, lakini wanaoanza wanakosea katika mambo madogo. Chujeni kwanza kwa kitambaa safi, maana unga wa mtama unadanganya kipimo. Mimineni mara kadhaa kutoka kikombe kimoja hadi kingine ili gesi itoke. Zungusheni densimetre kidogo kwa vidole, kwa sababu povu likishikamana nayo linaiinua. Someni namba kwenye usawa wa maji, macho yakiwa chini sawa na maji, si pale maji yanapopanda kidogo kwenye shingo. Densimetre nyingi zimetengenezwa kwa joto la digrii 20. Kinywaji kikiwa na digrii 30, ongezeni 2 ao 3 kwenye namba. Kile mlichopima msikirudishe katika bidoni. Onjeni, kwa sababu densimetre haioni uchachu wa siki, ulimi ndio unauona.

Densimetre moja inatosha kikundi kizima. Mkiwa bado hamna pesa, chukueni mrija wa kunywea, zibeni upande wa chini kwa nta ya buji, tieni mchanga kidogo mpaka usimame wima ndani ya maji. Wekeni alama kwenye maji safi: hapo ni 1000. Kisha changanyeni gramu 50 za sukari na gramu 950 za maji, wekeni alama ya 1020. Gramu 100 za sukari na 900 za maji ni 1040. Gramu 150 na 850 ni 1060. Mrija huo hautawapa namba kamili, lakini utawaonyesha vizuri kama kinywaji kingali kinashuka ao kimesimama, na hilo ndilo mnalolitafuta.

Hata mkiisha kupima, jazeni chupa moja ya plastiki pamoja na zile za kioo. Ibonyezeni kila asubuhi. Ikiwa ngumu kama jiwe, fungueni zingine moja moja, mkizifunika kwa kitambaa kizito, watoto wakiwa mbali. Na chupa zikae nje ya chumba cha kulala, ndani ya sanduku lenye kifuniko.

Andikeni namba ya kwanza na ya mwisho katika daftari. Toeni moja katika nyingine, gawanyeni kwa 7 na nusu, mtapata alkoli kwa mia. Kutoka 1060 mpaka 1030 ni 4 kwa mia. Ikishuka mpaka 1010, bidoni ile ile inafika karibu 7. Mnunuzi aliyezoea glasi mbili za jana, leo glasi hizo mbili zitamwangusha. Mwambieni. Kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto, tunatenga maji ya ndizi siku ile ile yanapokamuliwa, kabla ya mtama.

Ulizo lao la pili, juu ya bei ya chupa kama mtama umepanda, tutalijibu juma lijalo. Wenye hesabu zao za soko watuletee kabla ya siku ya ine.