Ajabu Zetu na Macho ya Mpita Njia

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika Makambako akiwa amechoka. Hapo barabara ya Songea hujitenga na barabara kuu, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hupita jirani. Msafiri hushuka, hununua mahindi ya kuchoma, hujikunyata kwa baridi, kisha huuliza swali tulilolisikia mara nyingi mno: "Huku kuna nini cha kutazama?" Kabla hajajibiwa, basi huondoka.

Msafiri huyo hatumlaumu, maana ni mpita njia. Lawama yetu ni juu ya wenyeji, na hasa sisi walimu, ambao tumelipokea swali lake na kumjibia: hakuna kitu. Wakati mmoja tuliwataka wanafunzi wa kidato cha pili, katika shule moja ya Njombe, waandike insha juu ya ajabu mojawapo ya dunia. Wengi waliandika juu ya maporomoko ya Niagara, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuyaona. Maporomoko ya mto Ruhuji, ambayo mtu huyaona akiwa barabarani kandokando ya mji wa Njombe, hayakutajwa. Maji hayo hushuka hadi bonde la Kilombero, yakaingia Rufiji, na mwishowe hufika kwenye mikoko na baharini. Mtoto ayavukaye kila siku hakuyahesabu kuwa jambo la kuandikiwa insha. Ni nani aliyemfundisha kutoyahesabu?

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, aliueleza utamaduni kuwa ndio kiini cha taifa. Wengi wetu tulielewa kuwa agizo hilo lahusu ngoma. Basi tukapeleka ngoma uwanja wa ndege kupokea wageni, tukatundika vibuyu na mbeta katika kuta za hoteli, tukadhani kazi imekwisha. Kumbe tulikuwa tumegeuza mali kuwa vioja. Mbeta ukutani ni kipande cha mwanzi tu. Mgeni huitazama, husema "ajabu," hupita. Maarifa ya aliyeikata hayamo ndani yake.

Tuitazame basi mbeta ikiwa kazini. Mvua zinapoanza, yapata Desemba, machipukizi ya milanzi huchomoza. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, huweka mbeta, na utomvu hudondoka. Asubuhi na jioni hana budi kurudi kukata tena kipande chembamba, la sivyo jeraha hukauka na utomvu hukoma. Ulanzi mbichi ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Hauongezwi chachu wala sukari, bali huchacha wenyewe kwa vijidudu vya hewani na vya mbeta, hata ukawa mkali, mkangafu. Tena, chipukizi ligemwalo halitakuwa mwanzi mrefu. Kwa hiyo kila mwaka mwenye shamba hupima: machipukizi mangapi yawe kinywaji, mangapi yaachwe yawe nguzo, nyungo na matenga ya nyanya. Si mahali pengi duniani ambapo watu hugema mianzi. (Methali ya pwani humtaja mgema wa mnazi, naye kila mwanafunzi anamjua, mgema wa mlanzi bado anangoja wa kumtungia.)

Tunajua tutakavyopingwa. Tutaambiwa kwamba ulanzi ni ulevi, kwamba majira yake huvuruga nyumba na mahudhurio shuleni. Hilo ni kweli, nasi tumeyaona madawati matupu. Lakini aliye na haki ya kuukemea ulevi ni yule aujuaye ulanzi. Mwalimu wa Biolojia afundishaye uchachukaji kwa mfano wa mkate wa dukani, na dirishani kwake kuna milanzi, hajamwepusha mtoto na pombe yoyote. Amemnyima somo tu.

Madhara ya dharau hii hayaishii katika insha. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliozungumza na wawindaji wa Kinyakyusa walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Ilidhaniwa huenda ni hekaya. Kisha akaonekana, Mlima Rungwe na katika msitu wa Livingstone, ulio sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Mwaka 2005 habari zake zikachapishwa, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Ikatangazwa kwamba amegunduliwa. Amegunduliwa na nani, ikiwa tayari alikuwa na jina? Watafiti wale tunawasifu: walisikiliza, na jina la wenyeji wakaliacha lilivyo. Aibu ni ya shule zetu, zilizokaa karibu na wawindaji hao miaka mingi bila kuwauliza lolote.

Kitulo hiyohiyo, inayoenea hadi wilaya ya Makete mkoani Njombe, wengine huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya viazi vya okidi zake kuchimbwa kwa magunia na kuvushwa mpaka hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mnunuzi wa mbali alijua thamani ya ua lile. Kijana wa Makete aliyelichimba alijua bei ya gunia, na hakuna darasa lililokuwa limemwambia zaidi ya hapo.

Mwalimu atasema muhtasari haumpi nafasi. Mito imo katika Jiografia, uchachukaji umo katika Biolojia, insha imo katika Kiswahili. Mgema huenda shambani alfajiri na hurudi jua halijapanda sana. Hana kizuizi kwa mtu ajaye na daftari.