Mali Bila Daftari

Wahenga walituachia methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani waliisema kwa ajili ya wenye maduka na wenye kukopesha. Mimi nimekuja kuielewa uwanjani, kwenye mashindano ya taifa ya riadha, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya wapima muda, saa mkononi na jua utosini.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nilijitolea kupima muda katika mashindano ya wilaya, ya mkoa na hatimaye ya taifa. Sikuwa bingwa wa lolote. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikimbia mita 400, nikaambulia nafasi ya tano, na nafasi hiyo naikumbuka mimi peke yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba katika watu nitakaowalaumu humu ndani, na mimi nimo.

Katikati ya miaka ya 1990 tulikuwa na fainali ya mita 800 kwa wanawake. Mbio zilipangwa kuanza saa mbili asubuhi, lakini mgeni rasmi alichelewa, kisha akahutubia, kisha akapigwa picha, na hatimaye wale mabinti walipangwa kwenye mstari karibu na saa sita. Wapima muda tulikuwa sita, na saa zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa nne. Mkuu wetu akatugawa: saa mbili kwa mshindi wa kwanza, moja kwa wa pili, na ya kwangu kwa wa tatu.

Walikimbia wanane. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, binti mmoja kutoka mkoa wa mbali, asiye na viatu, alikuwa nyuma ya wote. Katika mita 200 za mwisho aliwapita wanne, mmoja baada ya mwingine, na watu waliokuwa wamelala kivulini jukwaani wakasimama. Alimaliza wa nne, nyuma ya wa tatu kwa kifua tu. Mimi nilibonyeza saa kwa yule wa tatu, kama nilivyoagizwa, nikaandika. Wa nne hakupimwa, kwa sababu hapakuwa na saa ya kumpima. Karani aliandika namba yake ya kifuani, na mahali pa muda akachora kistari.

Miezi kadhaa baadaye binti yule alikuja shuleni kwangu akiwa na kaka yake. Aliniamkia, nikaitika, tukakaa chini ya mti. Alikuwa amepata habari za chuo kimoja cha nje kilichokuwa kinatafuta vijana wa riadha, na chuo hicho kilitaka barua yenye muda wake rasmi. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi nilikimbia ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba muda wa binti aliyemtangulia ninao katika daftari langu, na kwamba wa kwake haukupishana nao sana. Akasema, "Basi niandikie huo huo, mwalimu." Nikamweleza kwamba siwezi kuandika muda ambao sikuupima. Tulifunga safari hadi ofisini kwa wahusika kutafuta karatasi ya matokeo. Haikuonekana. Tuliambiwa ilikabidhiwa, ilikabidhiwa kwa nani, hakuna aliyekumbuka. Ofisa mmoja, kwa upole kabisa, akanituliza: "Lakini huyu hakushinda, mwalimu. Sisi tunatunza za washindi." Nilipoomba kuziona hizo za washindi, nazo hazikuwapo. Binti alinishukuru, akaondoka na kaka yake, na sikumwona tena uwanjani.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na desturi yetu ya mashindano ya taifa, na ugomvi wenyewe nataka niuseme wazi. Tunafanya mashindano kama harusi. Tunachangishana, tunakaribisha mgeni, tunapiga matarumbeta, tunatoa zawadi, na kesho yake tunafagia uwanja. Kinachobaki ni posho iliyokwisha kuliwa. Matokeo ndiyo sababu ya watu kusafiri siku mbili kwa basi, nayo ndiyo kitu cha kwanza kupotea.

Hebu tutazame wenzetu wanavyofanya, tena kwa mfano unaotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyokuwa imedumu tangu 1967. Kila Mtanzania mwenye umri wangu anaijua habari hiyo. Lakini waandaaji hawakuishia kwa Bayi. Waliandika kwamba wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand, ambaye naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Wa nne Rod Dixon. Wa tano Graham Crouch wa Australia. Wote wana muda wao, hadi leo. Na kwa sababu yaliandikwa, mwaka 2022 mjini Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12, dunia nzima ilijua papo hapo kwamba rekodi ya Bayi katika michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyodumu miaka 48, ilikuwa imevunjwa. Daftari ndilo lililomtunzia Bayi heshima yake kwa karibu nusu karne, na daftari hilo hatukuliandika sisi.

Sasa nauliza: mwaka ule ule wa 1974, katika mashindano yetu ya taifa, nani alikuwa wa nne katika mita 1500? Nimewauliza wazee wenzangu wa uwanjani. Wananitajia Bayi, wananitajia sifa zake, halafu tunacheka na kuzungumza mambo mengine. Yawezekana yule wa nne alikuwa kijana aliyehitaji mwaka mmoja tu wa kutunzwa.

Mfano wa pili unanichoma zaidi. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni akaumia goti, lakini akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshaanza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walianza, 57 wakamaliza, na Akhwari alikuwa wa 57. Tunamsimulia kwa fahari, na tunastahili. Lakini tukumbuke kwamba tunaweza kumsimulia kwa sababu watu wa Mexico hawakufunga vitabu vyao alipofika wa tatu. Walimsubiri, wakamwandikia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Angekimbia siku ile katika mashindano yetu, nafikiri sisi wapima muda tungekuwa tumeshapanda gari kwenda kula.

Nawajua wanaonipinga, na wengine ni marafiki zangu. Wa kwanza husema tatizo ni fedha: mitambo ya umeme ya kupima muda ni ghali, sisi ni maskini. Sikatai kwamba ni ghali. Lakini kanuni za dunia zilishaona mbali. Zinaruhusu saa za mkono, na zinaeleza namna ya kuzitumia: mshindi apimwe na watu watatu, wawili wakilingana, muda wao ndio unaoandikwa, wote watatu wakipishana, unachukuliwa wa katikati. Muda huo hupandishwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde inayofuata, na pembeni huandikwa kwamba umepimwa kwa mkono. Katika mita 100 na 200 wataalamu huongeza sekunde 0.24 wanapoulinganisha na wa mtambo, kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kuitikia moshi wa bastola. Hayo yote yanahitaji saa, kalamu, karatasi na mtu mwaminifu. Siku ile ya binti wa mita 800, gharama ya saa mbili za ziada ilikuwa ndogo kuliko soda zilizonyweka meza kuu.

Wa pili husema kipimo cha nchi ni medali, wala si makaratasi. Na wananitajia Alphonce Simbu. Naam, na mimi naitaja kwa furaha siku ile ya Septemba 2025, Tokyo, alipotupatia dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilimpigia simu kila ninayemjua. Lakini wanaoitumia dhahabu ile kunipinga hawajaitazama vizuri. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza kilometa 42 kwa muda ule ule ulioandikwa: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, na aliyeamua ni picha ya mstari wa kumalizia. Kama mbio zile zingekimbiwa mbele ya ngazi yetu ya wapima muda, mimi na wenzangu tukiwa na saa zetu nne, tungebishana hadi magharibi, na pengine mwenye msemaji mkali zaidi ndiye angepata. Dhahabu yetu kubwa kuliko zote imetoka katika uangalifu ule ule ambao nyumbani tunauona kuwa ni ukarani.

Wa tatu husema jambo zito zaidi. Husema kocha mwenye jicho hahitaji karatasi. Anamwona kijana akikimbia, anajua. Nimewaona makocha wa namna hiyo na ninawaheshimu. Lakini jicho la kocha huenda naye akihama, na hufumba naye akifa. Tena, jicho lisilo na karatasi ndilo linalofungua mlango wa upendeleo. Nimeshuhudia majina ya timu yakisomwa, na miongoni mwake limo jina la mtu ambaye hakufika hata kwenye fainali. Waliolalamika waliambiwa walete ushahidi. Wangeutoa wapi? Karatasi ambayo ingewatetea ndiyo hiyo iliyokabidhiwa kwa asiyejulikana.

Kwingineko matokeo ya mashindano ya nchi huheshimiwa kama hukumu. Mwaka 1992 Mmarekani Dan O'Brien, aliyekuwa bingwa wa dunia wa dekathloni, aliingia kwenye mchujo wa Olimpiki nchini mwake mjini New Orleans. Katika kuruka kwa upondo alishindwa urefu wake wa kwanza mara zote tatu, akapata sifuri. Hakuchukuliwa. Septemba mwaka huo huo aliweka rekodi ya dunia, pointi 8891. Inauma, na wapo watakaosema ni ukatili. Lakini fikiria kijana wa kijijini aliyekuwa akitazama: alijua kwamba jina kubwa halimpiti mtu bila kumshinda uwanjani. Sisi kijana wetu anajua nini?

Tusije tukadhani kwamba nazungumzia miaka iliyopita tu. Si muda mrefu umepita tangu nilipohudhuria tena mashindano, sasa nikiwa mzee wa kukaa jukwaani. Kila mtu ana simu yenye saa, yenye kamera, yenye kila kitu. Nikaomba matokeo kamili ya siku. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinitumia picha nzuri sana ya washindi watatu wakiwa na medali. Nikamwuliza kuhusu waliosalia, akaniangalia kwa huruma. Warusha tufe na mkuki, waruka viunzi, wale wa miruko mitatu ambao hata jukwaani hawana mtazamaji, wote walikuwa wamekwenda zao bila mtu kuandika walifika wapi. Hakuna aliyeandika upepo pia, na bila upepo hatujui kama muda wa mita 100 ni wa miguu au wa kusukumwa. Ukizidi meta 2 kwa sekunde, rekodi haihesabiki.

Ninachotaka ni kidogo. Kila mashindano ya taifa yawe na kitabu kimoja cha kudumu, si karatasi za kuruka. Kila aliyemaliza aandikwe, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na muda au umbali wake. Iandikwe saa gani ilitumika na upepo ulikuwaje. Mwamuzi mkuu atie sahihi kabla hajaondoka uwanjani, na nakala ibandikwe ukutani jioni ile ile, ili mwenye malalamiko alalamike angali na vumbi miguuni. Nakala nyingine iende kila mkoa. Na mgeni rasmi, kama lazima awepo, aje jioni na apewe kitabu hicho kama hotuba yake, asome majina.

Daftari langu bado ninalo. Ni la kwaya mbili, jalada limeliwa na mende pembeni. Katika ukurasa wa ile fainali ya mita 800 kuna mstari wa wa tatu, umeandikwa kwa mkono wangu, safi kabisa. Chini yake kuna nafasi tupu. Nilikuwa na saa mkononi. Saa yangu ilikuwa na uwezo wa kusimamisha muda mmoja tu, lakini sauti nilikuwa nayo, na ningeweza kumwambia mkuu wetu, kabla bastola haijalia, kwamba mbio zisianze mpaka saa zitoshe. Sikusema. Mgeni rasmi alikuwa amekaa, na hatukutaka kumchelewesha.

Ndiyo maana nimeomba msomaji anihesabu miongoni mwa wanaolaumiwa. Kila ninapofungua ukurasa ule nasikia swali la binti yule, na hata leo, baada ya miaka yote hii, siwezi kumwambia alikimbia ngapi.