Uchawi wa simba na uchawi wa mjomba
Kuna mzazi atakayezima Harry Potter kwa jina la Yesu, kisha awanunulie watoto vitabu vya Narnia bila wasiwasi, maana mwandishi wake, C. S. Lewis, alikuwa Mkristo. Sawa, lakini Narnia nako uchawi umejaa tele. Katika kitabu cha 1950, Mchawi Mweupe anadai damu ya Edmund, mvulana aliyewasaliti ndugu zake, na anadai kwa haki: sheria ya tangu mwanzo humpa yeye kila msaliti. Simba Aslan habishani nayo. Anakubali kunyolewa manyoya, kufungwa kamba na kuchinjwa juu ya Meza ya Mawe, kisha anafufuka alfajiri kwa nguvu ya kale zaidi, ambayo mchawi hakuijua. Uchawi anaoukemea Lewis ni ule wa Mjomba Andrew, katika kitabu cha 1955: mzee anayetengeneza pete za ajabu, halafu kwa woga anamtanguliza binti wa jirani kuzijaribu. Ila Lewis huhubiri mno. Nusura simba apitishe kapu la sadaka. Rafiki yake Tolkien, Mkatoliki, ananigusa zaidi kwa ukimya wake. Katika The Lord of the Rings humwoni padri wala kanisa, lakini Pete ya uovu inaangamia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari. Na Frodo, anayeibeba ili aiangamize, hashindi kwa ushujaa. Ukingoni kabisa anakataa kuitupa, na kinachomwokoa ni Gollum, kiumbe ambaye Frodo aliwahi kumhurumia badala ya kumuua.