Dole gumba lililoninunishia mume

Mwezi huu naomba nikuletee ishu ambayo wengi tunaiona ndogo mpaka itufuate chumbani: vita ya watu wa mbali ndani ya simu zetu.

Mimi ni Muha wa Kasulu, Mkristo, nimekulia kwenye kwaya. Mume wangu ni mtoto wa Ujiji, Mwislamu, watoto wa mjini wanajua maana yake. Tulioana bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Ndugu wa pande zote walinuna kidogo, wakanywa soda, wakazoea. Grupu la WhatsApp la kamati ya harusi halikuvunjwa. Likawa grupu la familia: michango, misiba, picha za watoto.

Basi bwana, ikaja tarehe 7 Oktoba 2023. Hamas wakavamia kusini mwa Israel, watu wapatao 1,200 wakauawa na 251 wakatekwa. Jioni hiyohiyo kaka yangu akatuma bendera ya Israel. Siku chache baadaye, mabomu yakiwa yanamiminika Gaza, shemeji yangu mdogo akatuma picha ya watoto chini ya kifusi na swali moja: "Na hawa nao ni magaidi?" Ikawa kama Simba na Yanga. Kila mtu na jezi yake, kila mtu na video yake, nyingine kumbe ni za vita ya Syria ya miaka ya nyuma.

Siku moja niko jikoni nachambua dagaa, kaka akatuma ujumbe mrefu kama risala. Nikasoma mistari ya juu, nikaweka dole gumba, nikaendelea na dagaa wangu. Baba Nasra alikuwa sebuleni na simu yake. Hakusema kitu. Alivaa kandambili, akatoka.

Siku tatu mwenzangu alikuwa akila kwa mama yake. Kutoka Kigoma mjini kwenda Ujiji ni daladala moja tu, lakini siku zile niliona kama Ujiji imehamia ng'ambo ya ziwa. Usiku anarudi, salamu anaitikia, anageukia ukutani.

Siku ya nne nikamkalisha chini. Nikaanza na hoja zangu: Hamas wameanza, Biblia inasema hivi, serikali ya kule inajilinda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Nasra, ule ujumbe uliufungua wote?"

Nikachukua simu. Pale chini, baada ya "Soma zaidi", kaka yangu alikuwa ameandika kwamba watu wa dini ile ndivyo walivyo, damu kwao ni maji. Watu wa dini ile. Yaani baba wa mwanangu. Yaani mama mkwe aliyenikanda siku arobaini nilipojifungua. Na dole gumba langu lipo pale, la njano, la kwanza kabisa.

Nilikosa pa kuweka uso. Kusema ukweli, sikuwa nimekubaliana na lolote kuhusu Gaza. Nilikuwa nimekubaliana na kaka yangu, kwa sababu ni kaka yangu. Na Baba Nasra hakuwa amenuna kwa ajili ya Israel. Alikuwa anajiuliza analala na nani.

Wiki chache baadaye, Novemba, yeye ndiye aliyeniletea habari. Clemence Mtenga, kijana wa Kitanzania aliyekwenda Israel kujifunza kilimo, imethibitika aliuawa siku ileile ya tarehe 7. Desemba ikathibitishwa kwamba mwenzake, Joshua Mollel, naye aliuawa. Mwili wa Joshua ulibaki Gaza, ukarudishwa Novemba 2025. Miaka miwili familia inasubiri kuzika! Habari ya Mtenga ilipoingia, grupu lilinyamaza kwa mara ya kwanza. Bendera zote mbili hazikuwa na la kusema.

Tangu hapo nikaanza kusoma taratibu, na jezi zikaanza kunibana. Kaka anasema Tanzania ni rafiki wa Israel. Kweli, na tuna ubalozi Tel Aviv tangu 2018. Shemeji anasema Nyerere alivunja uhusiano na Israel mwaka 1973. Kweli pia, uhusiano ukarudi 1995, na Wapalestina wana ubalozi wao Dar es Salaam. Vita ya dini? Oktoba 2023 hiyohiyo bomu lilipiga eneo la kanisa la Mtakatifu Porphyrius mjini Gaza, likaua Wakristo waliokuwa wamejificha humo. Na kati ya waliouawa na kutekwa na Hamas walikuwemo Waislamu, Wabedui raia wa Israel. Wizara ya afya ya Gaza ilihesabu waliokufa huko kuwa zaidi ya 70,000 mwishoni mwa 2025. Idadi hiyo huwezi kuiwekea dole gumba wala kuibishia ukiwa unachambua dagaa.

Kitu kingine kilichoniumiza kichwa ni hiki. Januari 2025 Goma ilipotekwa na M23, na Bukavu ikafuata Februari, hakuna aliyetuma bendera kwenye grupu letu. Watu waliulizana, yule mama muuza vitenge ndugu zake wako wapi? Shemeji yako wa Uvira amepiga simu? Si kwamba sisi wa Kigoma ni malaika. Tunawalalamikia wakimbizi kama watu wengine. Lakini Wakongo tunawajua kwa majina. Ukimjua mtu kwa jina, kumgeuza jezi kunakuwa kugumu.

Sasa, msomaji wangu, sikwambii usiwe na upande. Mimi na Baba Nasra mpaka leo hatukubaliani juu ya nani alaumiwe nini, na tunabishana, tena kwa sauti. Ila tuna sheria zetu. Ubishi wa vita ni wa mdomo kwa mdomo, macho yakitazamana, siyo kwenye grupu. Ujumbe haupewi dole mpaka umesomwa hadi nukta ya mwisho. Na ndugu yako akimtukana mwenzako, unayemjibu ni wewe, hadharani palepale alipotukania. Usimwachie mwenzako ajitetee mbele ya ukoo wako.

Hilo la mwisho lilinigharimu. Niliandika kwenye grupu, kila mtu akisoma: "Kaka, aliyemsema ni mume wangu. Naondoa dole langu." Kaka alitoka kwenye grupu. Miezi mitano hatukuongea. Aliporudi alikuja mwenyewe nyumbani na dumu la mawese kutoka Kasulu, akamkabidhi shemeji yake mkononi. Samahani hakuitamka. Baba Nasra alilipokea, akasema, "Karibu, shemeji, migebuka iko jikoni."

Nilipika mimi. Habari za Gaza zilipoanza kwenye redio, hakuna aliyeizima. Tulisikiliza wote.

Tukutane mwezi ujao.