Kiangazi Ndicho Kipupwe Chetu

Kuna kauli inayorudiwarudiwa hapa Gisenyi: kwamba kwetu hakuna kipupwe, kwa hiyo mti ulio chunguni hauhitaji kulindwa. Eti ni Wazungu na Wajapani tu wanaohangaikia vichaka vyao na miti yao ya bonsai theluji inapoanguka. Naipinga kauli hii, kwa sababu ndiyo inayoua miche yetu kila mwaka kati ya Juni na Agosti.

Tujiulize kwanza: huko kwenye theluji watu hulinda nini? Hasa ni mizizi. Mti uliopandwa ardhini umezungukwa na udongo mwingi usiopoa upesi. Ule wa chunguni umezungukwa na hewa, na mizizi huvumilia baridi kidogo kuliko matawi. Ndiyo maana wenyeji wa huko hukifukia chungu chenyewe bustanini au hukirundikia majani makavu.

Sasa tutazame kwetu. Chungu kilichowekwa juu ya saruji barazani huchomwa na jua ubavuni, na joto la sakafu hukipanda kutoka chini. Udongo wake mchache huweza kukauka kwa siku moja, na upepo wa Ziwa Kivu huharakisha kazi hiyo. Adui ni mwingine, lakini mizizi inayoumia ni ileile.

Wapo watakaosema, “Mbona tunamwagilia?” Kikombe cha maji kila adhuhuri hulowesha juu tu, mizizi ya chini ikabaki na kiu. Afadhali kumwagilia asubuhi mapema, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Na anayeiga video za Ulaya akauvika mmea plastiki juani, huyo anaupika.

Dawa tunayo. Wakulima wa kahawa wa Rwanda hutandaza nyasi chini ya mibuni ili udongo usipoteze maji. Mwenye chungu anashindwa nini? Avisogeze vyungu pamoja, avipatie kivuli cha mchana, atandaze nyasi, na vile vidogo avifukie ardhini hadi shingoni. Kuhamisha mti kutoka chungu kimoja hadi kingine kungoje mvua za Septemba.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya anasa, ya wenye hoteli na maua. La hasha! Mche wa parachichi au wa kahawa ulio ndani ya kiriba kitaluni ni mti wa chunguni pia, na una udhaifu uleule. Tunajisifu kwa miche tuliyopanda siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini ni nani anayehesabu iliyovuka kiangazi? Wanafunzi wenzangu, nanyi wahadhiri wetu, napendekeza hivi: kila kundi linalopanda miti lipangiwe zamu za kuitunza kuanzia Juni hadi Agosti, likizo iwepo isiwepo. Kundi lisilokubali zamu lisipewe miche.