Mama Hakusikilizwa: Barua ya Wazi kwa Jaji wa Kesi Zilizounganishwa

Mheshimiwa Jaji,

Ninafahamu kwamba mtu mwenye wakili haruhusiwi kumwandikia jaji, na kwamba barua kama hii ikifika kwa karani wako ataiweka kando. Ndiyo maana naiandika hadharani, na kwa Kiswahili, ili waisome wenzetu wanaolea wazee Houston na Columbus, ambao baadhi yao wana vyuma mwilini na majalada mezani kwako. Jina lako silitaji, wala la mahakama, wala la kampuni. Mnajijua.

Mama yangu amefariki bila kusikilizwa.

Habari za nyonga hizo za bandia unazo: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, vikisagana chembe za kobalti na kromiamu zinaingia kwenye nyama na kwenye damu. Mama aliwekewa ya kwake Houston, wakati bado akifanya zamu za usiku, akiwanyanyua wazee wa watu kutoka kitandani kwenda msalani. Akapasuliwa tena ili itolewe. Alifungua kesi Texas, katika mahakama ya shirikisho iliyo basi moja tu kutoka nyumbani. Kesi ikachukuliwa ikaletwa kwako, kwenye jimbo ambalo hakuwahi kulikanyaga, ikaungana na maelfu ya nyingine.

Sheria iliyoihamisha, ile ya 1968, unaijua kuliko mimi. Ilitokana na kesi zaidi ya 1,800 dhidi ya kampuni za vifaa vya umeme zilizokuwa zimekula njama ya kupanga bei, na sikatai kwamba ina akili yake. Mhandisi ahojiwe mara moja badala ya mara elfu, nyaraka zitolewe mara moja zitumiwe na wote. Mjane kama mama, kutoka Newala kusini mwa Tanzania, asingeweza peke yake kuilazimisha kampuni ile itoe barua pepe zake za ndani. Hilo nawashukuru.

Lakini sheria hiyohiyo inasema kesi inahamishwa kwa maandalizi tu, na maandalizi yakiisha irudishwe ilikotoka. Mwaka 1998, katika shauri la Lexecon, Mahakama ya Juu ilikataa katakata jaji aliyepelekewa kesi kujibakishia ili aiamue mwenyewe. Basi tuonyeshe zilizorudi, Mheshimiwa. Nilipomuuliza wakili wetu lini ya mama itarudi Houston, alicheka. Hakuwa na ubaya, nadhani alidhani natania.

Figo zilipoanza kumsumbua, mama aliomba jambo moja. Ahojiwe chini ya kiapo, irekodiwe, ihifadhiwe, ili hata asipokuwepo maneno yake yawepo. Kazi hiyo haimhitaji jaji. Inahitaji chumba, mwandishi wa kumbukumbu na mawakili wa pande mbili. Tukaambiwa amri yako imesimamisha mahojiano ya mlalamikaji mmoja mmoja, isipokuwa wale wachache waliochaguliwa kwa ajili ya kesi za mfano. Mama hakuchaguliwa. Asubiri.

Akasubiri, na hakusikilizwa.

Alijaza fomu, ndiyo. Fomu ndefu, ya kurasa na kurasa: uzito wake, kama alivuta sigara, waajiri wake wote, hospitali zote, dawa zote. Haikuwa na mahali pa kusema kwamba tangu nyonga ile alikuwa akiswali kwenye kiti, yeye aliyekuwa wa kwanza kusimama kwenye safu. Haikuwa na mahali pa kueleza ule mlio uliotoka akipanda ngazi, hata wajukuu wakawa wanajua bibi anakuja. Hayo aliniambia mimi, nikamrekodi kwa simu. Wakili akasema asante, ila hakuapishwa, kwa hiyo haifai. Kujaza fomu kulifaa. Kusema hakukufaa.

Alipofariki ndipo mahakama ilipokumbuka kalenda. Tangu taarifa ya kifo ikabidhiwe kwa wahusika, kanuni inatoa siku 90 mtu aombe kuingizwa mahali pa marehemu, la sivyo kesi inafutwa. Alipokuwa hai hazikupatikana hata saa mbili za kumhoji. Alipokuwa maiti, siku 90 zikapatikana mara moja.

Kisha ikaja karatasi ya mapatano. Kwetu Newala korosho ya mkulima hupelekwa ghala la chama cha ushirika, ikapangwa daraja, ikachanganywa na za wenzake, ikapigwa mnada, na pesa ikarudi imeshapigwa makato. Karatasi ile ilikuwa ghala lilelile. Umri umepunguza, uzito umepunguza, fungu la mawakili viongozi limetoka, la wakili wetu limetoka, Medicare, bima ya serikali ya wazee, nayo inadai gharama za upasuaji. Tofauti ni kwamba mkulima wa korosho husimama mbele ya mizani akaliona gunia lake likipimwa, na akilibishia daraja, yupo mtu wa kugombana naye. Mama hakuwa na mtu wa kugombana naye, na sauti ya kugombana alikuwa nayo, waulize majirani.

Marekebisho ya Saba ya Katiba yenu yanahifadhi haki ya kuamuliwa na jopo la wananchi katika shauri la madai linalozidi dola 20. Nyonga ya mama, kwa makadirio yangu, ilizidi dola 20.

Wala si wewe peke yako. Charleston, West Virginia, Jaji Joseph Goodwin alikabidhiwa mafungu saba ya kesi za wanawake waliowekewa nyavu za kushikilia kibofu na kizazi, zaidi ya kesi 100,000. Mawakili waliofanya kazi ya pamoja walitengewa asilimia 5 ya malipo. Aprili 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliamuru nyavu za kutibu viungo vilivyoshuka zinazopachikwa kupitia ukeni ziondolewe sokoni. Kila mtu alipata neno lake pale, isipokuwa wanawake wenyewe, maana waliofika mbele ya jopo la wananchi wakaeleza ni wachache sana. Na wale ambao vifaa vyao vilipitia idhini ya juu kabisa ya FDA hawana hata foleni ya kulalamikia: tangu shauri la Riegel dhidi ya Medtronic, 2008, mlango wao umefungwa kwa sehemu kubwa. Miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya kesi za madai zinazosubiri katika mahakama za shirikisho ziko ndani ya mafungu kama lako. Mmejenga mahakama nzima ya kupokea watu na kutowasikiliza, na mnaiita ufanisi. Desemba 2025 ilianza kutumika Kanuni 16.1, ya kuwaongoza majaji wa kesi hizi. Nimeisoma. Inazungumza vizuri sana kuhusu uteuzi wa mawakili viongozi.

Naomba, na hapa heshima inaanza kunichosha, yaliyo ndani ya uwezo wako. Waliokataa mapatano, liandikie jopo la majaji lililokuletea kesi ukipendekeza zao zirudishwe makwao. Mamlaka ya kupendekeza unayo. Taarifa zako za maendeleo, zinazohesabu nyaraka kwa mamilioni, zihesabu na waliokufa wakisubiri. Na ile amri ya kusimamisha mahojiano ilegeze leo, wazee na wagonjwa wahojiwe kwa video wakiwa majumbani mwao, kampuni ipende isipende.

Anza na waliozidi miaka 75. Hutapata shida kuwajua: tarehe ya kuzaliwa ndilo swali la kwanza kwenye fomu yako baada ya jina.

Mtoto wa marehemu,
Houston, Texas